Kibofu kinauma, vipimo safi: je, ni huyu paka?

Saa nane za usiku nateremka ngazi mara ya nne, nashika ukuta manake taa ya ngazini iliungua tangu Rajab na hakuna aliyejitia kuibadilisha, chini nakanyaga kitu laini kinapiga kelele, ni Shombo, paka wangu, kalala palepale daraja la mwisho kama kawaida yake. Nafika chooni, nachota maji kwenye birika, lile tangi la kujengwa la maji ya chooni, vile visamaki vyake vya kula viluwiluwi vya mbu vinakimbia, nachutama. Yanatoka matone ya kujaza vijiko viwili. Vijiko viwili! Na kule kubanwa hakujaondoka, bado kuna kitu kama kaa la moto kimekaa juu ya kinena. Nikirudi kitandani napiga chafya sita mfululizo na hiyo ya sita inanivujisha.

Hivo ndivo nilivoishi karibu mwaka mzima, hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, na shangazi yangu alikuwa na jibu moja tu, "Mtoe huyo paka, mwanangu, manyoya yamekuingia tumboni." Mie nashona mabuibui, nakaa kwenye cherehani asubuhi hadi magharibi, na Shombo hulala juu ya vitambaa nilivokwisha kukata, kwa hivo maneno ya shangazi sikuyapuuza yote. Nikauliza madaktari, nikasoma, nikajipima mwenyewe, na nikaenda mbio huku na huku bila mpangilio mpaka pesa zikaisha. Hapa nauandika mpangilio, vile ningetaka mtu aniandikie mie wakati ule. Paka anakuja mwisho mwisho. Anaweza kuwa na mkono wake, sikatai, ila mara nyingi si yeye aliyewasha moto, yeye anaongeza kuni, na kuna watu kwao hata kuni haongezi.

Haya, usisome, nenda hospitali kwanza

Kama mkojo una damu inayoonekana kwa macho, kama una homa na mgongo unauma ubavuni, kama unapungua uzito bila sababu, kama una mimba na mkojo unachoma, au kama umebanwa na hautoki kabisa, wacha simu, vaa, nenda. Huyo wa mkojo kuziba kabisa asingoje hata asubuhi, na akiwa yuko kijijini huko Kipungani au wapi atafutiwe boti usiku huohuo. Haya mengine yote yanayofuata ni ya yule ambaye anaumwa wiki baada ya wiki, hafi, hapoi.

Unachomwa, unaenda chooni kila saa, ukapewa dawa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), ukapoa siku tatu, ikarudi

Hapa ndo wengi tunapopotea. Unaingia duka la dawa unasema mkojo unachoma, unapewa antibayotiki, unameza, unaona afadhali, inarudi, unaenda duka lingine. Mie nilikula dozi nne tafauti kabla mtu yeyote hajaniambia nikojoe kwenye kikopo. Kile kijiti cha rangi cha kuchovya kwenye mkojo ni cha kuanzia tu, kinaweza kuonyesha kuna chembe nyeupe lakini hakikwambii ni mdudu gani wala ni dawa gani itamuua. Unachotaka ni kalcha, mkojo unapandwa maabara na majibu yanakuja baada ya siku mbili tatu, na uitoe kabla hujameza antibayotiki, si baada. Jisafishe, wacha mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati. Alafu usitembee nao, manake mkojo ukikaa kwenye joto letu hili zaidi ya saa mbili wadudu wowote wanazaana humo na jibu linakuja la uongo, kama maabara iko mbali uweke kwenye kitu cha baridi.

Kalcha yangu ilirudi safi. Ya pili safi. Ya tatu mhudumu akanitazama kama naigiza. Basi kama yako nayo ni safi mara mbili tatu, antibayotiki wacha, unajitesa tumbo bure. Na wale walio na mume, au walio na mke, pimeni na kisonono na klamidia, wote wawili, msione haya, klamidia inaweza kukaa kimya miaka na maumivu ya chini ya kitovu yakawa ndo dalili pekee.

Kitu ambacho sisi watu wa kisiwani tunakisahau: kichocho. Konokono anayebeba minyoo yake anakaa maji matamu, hayuko baharini, kwa hivo tunajiona tumesalimika. Lakini nani hapa hana shamba bara, au hakuwahi kwenda kwa jamaa zake upande wa Mto Tana akaoga mtoni, au hakucheza kwenye dimbwi akiwa mtoto? Hao minyoo wanaishi mwilini miaka, na mayai yao yanachimba ukuta wa kibofu, unaanza kuona mkojo wa mwisho mwisho una wekundu, na kwa wanawake yanafika hadi mlango wa kizazi, yanaleta maumivu ya nyonga na damu ambayo watu wanaitafsiri vibaya kabisa. Siri ya kipimo hiki ni saa. Mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ukipeleka mkojo wa alfajiri unaweza kuambiwa huna na kumbe unao. Tembea kidogo kabla ya kuutoa, au panda ngazi. Dawa yake ni prazikwanteli, kwa uzito wako, na ni rahisi kuliko mahangaiko yote mengine niliyoyaorodhesha hapa.

Unakojoa sana, na ni mkojo mwingi kila mara

Hii tafauti yake ni kipimo cha mkojo wenyewe. Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita, siku tatu andika saa na kiasi. Mtu mzima kwa kawaida anaenda mara saba nane kwa siku na kila mara anatoa mililita 200 hadi 400 hivi. Ukijumlisha siku nzima ukapata zaidi ya lita tatu, na kiu haikuachi, hiyo si habari ya kibofu, pima sukari. Ukipata safari kumi na nne na kila safari mililita 60, kama mie, hapo kibofu ndo kinachosema. Basi, tusonge mbele.

Maumivu yanaongezeka kibofu kikijaa, ukikojoa yanapungua kidogo

Kama hali hii imezidi wiki sita na vipimo ni safi, madaktari wa mkojo wanaiita ugonjwa wa maumivu ya kibofu, au kwa jina la zamani sistaitisi ya intastisho, wanaandika IC. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kukwambia unayo, wanafika hapo kwa kuondoa mengine yote. Wachache wana vidonda ndani ya kibofu, vinaitwa vidonda vya Hunner, kwa jina la daktari Guy Hunner wa Baltimore, Marekani, aliyevieleza mwanzoni mwa karne iliyopita, na hivo huonekana kwa kuingizwa kamera tu na vina matibabu yake ya kuchomwa au kudungwa dawa. Kwa hivo ukiambiwa kamera usikimbie. Mie nilikimbia mara moja nikarudi.

Sasa hapa ndo mambo ya aleji yanapoingia, na nayaeleza vile nilivoelezwa nikaelewa. Mwilini kuna seli zinaitwa seli za masti, ni kama mabawabu, zinakaa puani, kwenye ngozi, kwenye utumbo, na kwenye ukuta wa kibofu pia. Kila moja imebeba vifuko vya kemikali iitwayo histamini. Aleji ikizigusa zinapasua vifuko, pua inawasha, macho yanalia, ngozi inavimba. Kwa baadhi ya wagonjwa wa IC, kipande cha kibofu kikitazamwa kwa darubini hizo seli zinakutwa nyingi kupita kawaida na ziko karibu na mishipa ya fahamu. Na tena wagonjwa wa IC wana aleji zaidi kuliko watu wengine, hilo limeonekana mara nyingi. Ndo maana wazo la paka si la kijinga.

Lakini angalia hapo, kuonekana pamoja si kusababishana. Mvuvi na chumvi wako pamoja kila siku na si mvuvi aliyeitia bahari chumvi. Hakuna aliyethibitisha kwamba manyoya ya paka yanayoingia puani yanashuka yakakichoma kibofu cha binadamu. Hata dawa ya aleji iitwayo hidroksizini, ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa IC na wapo wanaoisifu, jaribio dogo la Marekani lililochapishwa 2003 halikuweza kuonyesha kwa uhakika kwamba inashinda kidonge kisicho na dawa. Bado iko kwenye orodha ya vitu vya kujaribiwa, nami niliijaribu, nililala vizuri sana, kibofu hakikujali.

Kabla ya paka, angalia kikombe chako. Kahawa tungu ya tangawizi, chai ya rangi, soda, ndimu kwenye kila kitu, ukwaju, nyanya, achari, embe la pilipili. Si kila mtu vinamsumbua vyote, ila kwa wagonjwa wengi wa IC hivi ndivo vinavotajwa mwanzo. Vitoe vyote wiki mbili tatu, kisha rudisha kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, na uandike. Kwangu kahawa ilikuwa na hatia waziwazi, ukwaju pia, embe la pilipili kwa ajabu likatoka salama na wallahi hiyo ndo siku nilicheka peke yangu. Na usijinyime maji ukidhani utapunguza safari, maji yetu ya bomba yana ladha ya chumvi tunakunywa kidogo, mkojo unakuwa mzito rangi ya asali, nao huo mzito unachoma zaidi.

Mkojo hauanzi, unasukuma, unatoka kiuzi

Hii naiandika kwa msisitizo manake watu hawaijui: dawa ya aleji yenyewe inaweza kuwa ndo inakufunga mkojo.

Vidonge vya aleji vya kizamani, vile vya klorofeniramini vinavoleta usingizi na kukausha mdomo, vinalegeza na msuli wa kibofu, kinashindwa kujikamua. Na zile dawa za mafua za kuzibua pua zenye sudoefedrini zinabana shingo ya kibofu. Changanya zote mbili, na maduka mengi yanauza mchanganyiko huohuo kwenye kidonge kimoja, alafu mpe mzee mwenye tezi dume iliyokua. Jirani yetu, mzee wa watu, alianza kupiga chafya baada ya mjukuu kuleta kitoto cha paka, akanunuliwa dawa za mafua, siku ya pili jioni tumbo limejaa kama dafu hata tone halitoki, akapelekwa akatiwa mpira wa kutoa mkojo. Shangazi akasema umeona, paka! Paka alihusika, ndio, ila kwa njia ya duka la dawa.

Kwa hivo mwenye aleji na kibofu kizito amuulize daktari kuhusu setirizini au loratadini, hizi mpya haziingilii mkojo kiasi hicho, na zile za kuzibua pua aziache. Maji ya chumvi puani, ya kutengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, au dawa ya kupuliza puani, zinafanya kazi palepale puani.

Na nyinyi wa barazani, mtanichukia, lakini miraa na muguka zina katinoni ambayo inafanya kazi karibu na hiyo dawa ya kuzibua pua, shingo ya kibofu inabana, mkojo unatoka kwa shida mpaka ulevi wake uishe. Unatafuna Ijumaa, Jumamosi unalalamika prosteti, hiyo tezi dume.

Unavuja ukipiga chafya

Hapa paka ana hatia na sina wa kumtetea. Aleji inaleta chafya na kikohozi, kila chafya inasukuma kibofu chini, misuli ya sakafu ya nyonga ikiwa imechoka kwa kuzaa, au kwa umri, au kwa kikohozi cha miezi, haishiki, tone linatoka. Hakuna haja ya kutafuta seli za masti wala histamini ya kibofu, tibu pua na utaona mwenyewe. Kuna na ujanja mdogo, ukihisi chafya inakuja kaza kama unazuia mkojo, kabla haijatoka, inasaidia kweli.

Kilichoniliza hapa hakikuwa maumivu, ilikuwa udhu. Natawadha, nasimama, rakaa ya pili chafya, natawadha tena. Nikaacha kwenda kuswali na wenzangu. Mpaka siku nikajikaza nikamuuliza mwalimu wetu wa darsa, akaniambia mbona hukuuliza mapema, mwenye mkojo usiozuilika ana hukumu yake, anajisitiri, anatawadha wakati wa swala ukiingia, anaswali. Nimeitia hapa kwa sababu najua kuna mtu anasoma anayeswali chumbani peke yake kwa jambo hilihili.

Maumivu ya nyonga yenyewe: ukikaa sana, baada ya tendo la ndoa, choo kigumu

Hii ndo ilikuwa yangu kubwa na ndo niliyoigundua mwisho. Misuli ya chini inaweza kuchoka ikalegea, lakini inaweza pia kukaza ikasahau kuachia, kama mtu aliyekunja ngumi mwaka mzima. Mtu wa cherehani kama mie anakaa saa nane, anabana mkojo amalize mshono, anaogopa kuvuja anakaza zaidi, anapiga chafya anakaza zaidi. Dalili zake zinafanana na za kibofu hata daktari anachanganyikiwa: kubanwa, kwenda mara kwa mara, maumivu ya kinena, maumivu ya tendo la ndoa, mkojo kukatika katikati. Kwa wanaume ndo ile wanaitibu kama maambukizi ya prosteti miezi sita ya antibayotiki na mdudu hajawahi kuonekana.

Na hapa yale mazoezi ya kukaza yanayosambazwa kwenye simu yanaweza kukuongezea ugonjwa. Misuli iliyokaza haihitaji kukazwa, inahitaji kufundishwa kuachia. Nilifanyiwa na fizio, mtaalamu wa tiba ya misuli, wa kike wa mambo ya nyonga, huku kwetu sikumpata, nilimpata Mombasa, akabonyeza mahali pamoja tu kwa kidole nikajikuta nasema hapo, hapo, hapo ndo pangu, kaa la moto lote lilikuwa hapo. Akanipa ya kufanya nyumbani: kuchutama chini kabisa nikishikilia mlango, kuvuta pumzi mpaka tumbo lijae na kuachia chini wakati inaingia, kuoga maji ya vuguvugu, na kuinuka kwenye cherehani kila nusu saa. Wanawake wenye hedhi za kuangusha chini wasiishie kwa fizio, wapigwe ultrasaundi na waulize kuhusu endometriosi, yaani nyama kama ile ya ndani ya kizazi kuota nje yake, manake mara nyingine ultrasaundi haiioni.

Unachomwa nje tu, si ndani

Sabuni ya manukato. Acha sabuni hapo, maji matupu yanatosha. Kujifukiza udi chini huku panawasha, nako acha kwa muda. Ikiwa kuna muwasho na uchafu kama maziwa mgando, ni fangasi, kapimwe.

Siku za pua mbaya ndo siku za kibofu kibaya

Haya, sasa tumefika kwa paka. Kama umepita kote huko juu, na kwenye daftari lako unaona macho kuwasha, chafya na kibofu vinapanda pamoja na kushuka pamoja, basi una haki ya kumshuku.

Kwanza umjue unayemshuku. Si manyoya. Ni proteini ya mate na mafuta ya ngozi ya paka, inaitwa Fel d 1, anajilamba inabaki kwenye manyoya, inakauka, inapeperuka, nyepesi sana, inaelea hewani masaa, inaganda kwenye pazia, buibui, mkeka. Dume asiyehasiwa anaitoa zaidi. Na kosa la shangazi liko hapa: ukimtoa paka leo proteini yake inabaki nyumbani miezi minne hadi sita, na kwenye hizi nyumba zetu za mawe zenye kuta nene na dirisha dogo mie nadhani haina haraka ya kutoka. Shangazi alimchukua Shombo kwa siri akamwacha kule kwenye soko la samaki, nikakaa wiki tatu nalia na kibofu kilekile, tukasema umeona si paka. Jaribio batili! Halikupima kitu. (Alirudi mwenyewe, kanona.)

Jaribio sahihi ni kumtoa mgonjwa, si paka. Nilifua nguo zote kwa maji ya moto, nikazianika, nikapanda basi hadi Malindi kwa dada yangu ambaye hafugi hata kuku, wiki tatu. Cha muhimu nilibeba maisha yangu mengine yote vilevile, kahawa yangu ya jioni sikuiacha, kazi ya mkono nilienda nayo, saa za kukaa zilezile, manake ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuponya. Kila siku nikaandika vitu vinne tu: chafya, safari za chooni, maumivu kwa kumi, kuvuja.

Chafya ziliisha siku ya tano. Kuvuja kukaisha nazo. Safari za chooni kutoka kumi na nne zikashuka kumi na moja. Maumivu, sita kwa kumi, yakabaki sita. Niliporudi Lamu, siku tatu, chafya zimerudi, safari za chooni kumi na tatu. Kwa hivo paka, au kitu kilichomo nyumbani mwangu, kilikuwa na sehemu yake, na sehemu yenyewe haikuwa kaa la moto. Kaa la moto lilishushwa na kuacha kahawa na ile fizio, sikwambii uongo.

Nasema "au kitu kilichomo nyumbani" kwa sababu nilipopimwa aleji kwa kuchomwa vidoa kwenye mkono (unaacha dawa za aleji siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo hakisemi kitu), cha paka kilivimba, na cha utitiri wa vumbi kikavimba zaidi ya cha paka. Utitiri, vijidudu visivoonekana kwa macho vinavokula vigamba vya ngozi yetu, na vinapenda unyevu, na pwani hii wakati wa kusi ni unyevu mtupu. Mie nalalia godoro la sufi la marehemu nyanya. Daktari akaniuliza lina umri gani nikamwambia linanizidi.

Kwa hivo ukithibitisha, fanya haya na mengine wacha. Chumba cha kulala paka haingii, mlango ufungwe, hii peke yake ni nusu ya kazi. Godoro la zamani litoke, au livishwe foronya nzima yenye zipu, mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya digrii 60, na mito ianikwe juani. Ufagio wa njiti unarusha vumbi juu, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Dume ahasiwe. Kumwogesha paka kunapunguza siku chache tu na mikwaruzo yake inakaa zaidi ya hiyo faida. Mtu mwenye pumu ya kubana kifua, huyo hesabu yake nyingine, kwake paka anaweza kulazimika kuondoka kweli, aongee na daktari. Na kama unawashwa zaidi ukipita barabarani kuliko nyumbani jiulize kuhusu punda, punda na farasi ni ndugu na aleji ya farasi inajulikana zamani, na hapa Lamu huwezi kusema utawaepuka punda.

Kuhusu paka mwenyewe

Hii nilitaka kuisahau. Mwezi wa pili baada ya kuhamisha godoro, Shombo akaanza kuchutama kwenye kona ya kiwanda, huu ua wa ndani ya nyumba, anakaa, anatoka, anarudi, anajilamba, matone mekundu kwenye chokaa. Daktari wa wanyama akaniambia paka nao wana ugonjwa wa kibofu usio na mdudu, unafanana na IC ya watu kiasi kwamba watafiti wanawatumia paka kuielewa, na moja ya vinavouchochea ni wasiwasi, kuhamishwa, kufungiwa mlango. Dume akichutama bila kutoa kitu ni dharura, akipitisha siku mbili tatu anaweza kufa, kwa hivo mwenye paka asisubiri. Shombo alikuwa anatoa, alhamdulillah, alipewa dawa ya maumivu, maji mengi, na chakula cha majimaji.

Akaniuliza kuna nini kimebadilika nyumbani. Nikamwambia nimemfungia chumba. Sasa nimemtandikia buibui bovu kwenye daka, nje ya mlango, na usiku nikiteremka ngazi simkanyagi tena, tunapishana tu, mie naenda birikani, yeye anatoka konani kwake.